Amri ya 770: nchi iliyopiga marufuku utoaji mimba kwa miaka 23, na walioilipia

Mjadala wa kutoa mimba huzunguka palepale kwa sababu wanaobishana wanakosa mahali pa kulinganishia. Anayesema kutoa mimba kunamdhuru mwanamke huleta ushuhuda wa waliojuta. Anayesema kukatazwa ndiko kunakomdhuru huleta majina ya waliokufa. Wote wanaweza kuwa wanasema kweli kuhusu watu waliowaona, na bado tusijue ni jambo gani lililosababisha nini.

Romania ni tofauti. Ndani ya miaka 32 sheria yake ilipinduliwa mara tatu, kila mara kwa tarehe inayojulikana, juu ya watu walewale, katika hospitali zilezile, huku makarani wa takwimu wakiendelea kuandika. Hakuna mtafiti ambaye angeruhusiwa kufanya jaribio la namna hiyo kwa wanawake. Nicolae Ceaușescu, dikteta wa kikomunisti aliyeitawala nchi hiyo, hakuomba ruhusa ya mtu.

Tuanze kabla yake. Septemba 1957 Romania, kama nchi nyingi zilizokuwa chini ya mwavuli wa Moscow, ilimruhusu mwanamke kutolewa mimba hospitalini kwa kutaka kwake mwenyewe katika miezi mitatu ya kwanza. Ada ilikuwa ndogo, maswali machache. Vidonge vya kuzuia mimba na kitanzi havikupatikana kwa watu wa kawaida, kwa hiyo huduma hii ndiyo iliyogeuka kuwa uzazi wa mpango. Kufikia 1965 zilihesabiwa mimba 1,115,000 hivi zilizotolewa, na watoto 278,000 hivi waliozaliwa hai. Nne kwa mmoja.

Namba hiyo haipendezi, na wanaoitumia Romania kama silaha dhidi ya marufuku hupenda kuanza kusimulia mwaka unaofuata. Sidhani ni haki. Mwanamke aliyerudi kwa daktari mara tano, sita, au zaidi, kwa sababu serikali ilikuwa na viwanda vya chuma lakini haikuwa na kitanzi cha kumpa, hakuwa mwanamke aliyetunzwa. Lakini pia hakuwa mwanamke anayekufa. Mwaka 1966 vifo vya uzazi kwa sababu zote vilikuwa kama 86 katika kila vizazi hai 100,000, kiwango ambacho hakikuwa kigeni katika Ulaya Mashariki ya wakati huo. Kumbuka 86. Tutairudia.

Oktoba 1966 ikatoka Amri ya 770. Ceaușescu alikuwa na mwaka mmoja na miezi kadhaa madarakani, na kilichomtia wasiwasi ni hesabu ya watu: wastani wa watoto kwa mwanamke ulikuwa umeshuka hadi 1.9, na nchi iliyotaka kujenga viwanda kwa kasi iliona itakosa mikono. Amri ilikataza kutoa mimba isipokuwa kwa mwanamke aliyezidi miaka 45, aliyekwisha kuzaa na kulea watoto wanne, aliyebakwa au kupewa mimba na ndugu wa damu, ambaye uhai wake ulikuwa hatarini, au ambaye mtoto angerithi ugonjwa mzito. Mwanamke aliyevunja sheria aliweza kufungwa, na aliyemsaidia vilevile. Talaka nayo ikabanwa kwa wakati huohuo, kiasi kwamba mwaka 1967 zilizosajiliwa nchi nzima zilikuwa 48.

Iliwashukia watu ghafla. Wanawake wengi walikuwa tayari na mimba ambayo wiki chache nyuma wangeweza kuitoa asubuhi na kurudi kazini kesho yake. Waliozaliwa 1966 walikuwa 273,678. Waliozaliwa 1967 walikuwa 527,764. Wodi za wazazi zilijaa hadi wanawake wakalala wawili kitandani, na shule, miaka sita au saba baadaye, zikalazimika kusoma kwa zamu. Waromania wana jina la kizazi hicho, decreței, watoto wa amri. Ceaușescu angekuwa na haki ya kujipongeza kama hesabu ingeishia hapo.

Haikuishia hapo. Watu walijifunza. Mwaka baada ya mwaka idadi ya watoto ilishuka, na kufikia 1983 kiwango cha uzazi kwa kila watu elfu kilikuwa kimerudi karibu kabisa na kile cha 1966, yaani kabla ya amri. Marufuku ilikuwepo, adhabu zilikuwepo, vidonge havikuwepo, na bado wanawake wa Romania walizaa watoto wachache kama walivyozaa zamani. Tofauti ilikuwa katika njia.

Hili linasumbua wanaoamini kwamba sheria ndiyo inayoamua idadi ya mimba zinazotolewa. Katika mwaka wa kwanza iliamua. Baada ya hapo iliamua zaidi mahali zinapotolewa, mikononi mwa nani, na kwa bei gani. Aliyekuwa na fedha, au ndugu daktari, au cha kubadilishana katika nchi ambayo sigara za nje zilifanya kazi ya pesa, alipata mtu mwenye mafunzo aliyekubali kuhatarisha leseni yake. Asiye na chochote alipata jirani, au alijifanyia mwenyewe, kwa vifaa visivyosafishwa, akiwa amefunga mlango. Maambukizi ya kizazi, kutoboka kwa mfuko wa uzazi, damu isiyokatika, figo kufeli: hayo ndiyo yaliyoingia hospitalini baadaye, yakiwa yamechelewa.

Na kuchelewa kulikuwa na sababu yake. Ceaușescu alipoona uzazi umeshuka tena, hakujiuliza kama sera yake imeshindwa, alikaza kamba. Kuanzia 1984 wanawake wa viwandani na maofisini walipimwa kizazi kazini, ili mimba igunduliwe mapema na ifuatiliwe mpaka mwanamke ajifungue. Wanandoa wasio na watoto na watu wazima wasiooa walikatwa kodi ya ziada. Mwaka 1985 masharti ya msamaha yalikazwa yakawa watoto watano, na wote wawe bado wadogo. Mbele ya umma mkuu wa nchi alizungumza kuhusu kijusi kana kwamba ni mali ya taifa zima, na kwamba kukwepa uzazi ni kulisaliti taifa.

Hospitalini ndiko jambo hili lilipokuwa kali zaidi. Mwanamke aliyefika akivuja damu hakuwa mgonjwa tu, alikuwa mshukiwa. Daktari alitakiwa kutoa taarifa kwa polisi au mwendesha mashtaka, na watu wa Securitate, polisi wa siri, walikuwa na macho katika wodi za wanawake. Waliohojiwa baada ya 1989, madaktari na wagonjwa, walieleza tukio lilelile kwa maneno tofauti: matibabu yanasubiri jina. Nani alikufanyia? Sema, ndipo tukuhudumie. Baadhi walitaja. Wengine walinyamaza ili wasimfunge aliyewasaidia, na wengine walinyamaza kwa sababu walijifanyia wenyewe na hawakuwa na jina la kutaja. Daktari naye, akimhudumia kimyakimya, alijiweka katika hatari ya kufungwa. Kwa hiyo mwanamke mwenye homa ya digrii 39 alikaa nyumbani siku ya kwanza akitumaini itapungua, na siku ya pili, na alipopelekwa sumu ilikuwa imeshaingia kwenye damu.

Nadhani hapa ndipo pa kutazama kama tunataka kujua marufuku inamfanya nini mwanamke. Watu hufikiria kifungu cha sheria na gereza. Lakini kilichoua ni hofu ya kufika mlango wa hospitali.

Mwaka 1989, mwaka wa mwisho wa amri, wanawake 627 walikufa kwa sababu za uzazi. Hiyo ni kama 170 katika kila vizazi hai 100,000, karibu mara mbili ya ile 86 ya 1966, katika kipindi ambacho nchi nyingine nyingi za Ulaya zilikuwa zimeishusha sana yao. Kati ya hao 627, waliokufa kutokana na mimba kutolewa walikuwa 545. Kwa miaka yote 23 ya amri jumla ya vifo vya namna hiyo vilivyoandikwa imepita 9,000. Nasema vilivyoandikwa. Familia ilikuwa na sababu ya kuomba cheti kitaje ugonjwa mwingine, na daktari alikuwa na sababu ya kukubali.

Tarehe 25 Desemba 1989 Ceaușescu na mkewe walipigwa risasi. Siku iliyofuata, utawala mpya ambao haukuwa hata na wiki moja ulifuta Amri ya 770. Ilikuwa miongoni mwa mambo ya kwanza kabisa uliyoyafanya, kabla ya kujua utawalipa nani mishahara.

Mwaka 1990 vifo vya uzazi vilikuwa 263. Vilivyotokana na kutoa mimba vilishuka kutoka 545 hadi 181.

Mtu makini atauliza: si kila kitu kilibadilika 1990? Labda dawa ziliingia, misaada ya nje ikafika, umeme ukarudi hospitalini. Ni swali zuri, na jibu limo ndani ya namba zenyewe. Toa vifo vya kutoa mimba kwenye jumla ya kila mwaka, ubakize vile vya kujifungua, kifafa cha mimba, kuvuja damu baada ya kuzaa. Mwaka 1989 vinabaki kama 80. Mwaka 1990 vinabaki kama 80. Hospitali hazikuwa bora, wakunga hawakuongezeka, nchi ilikuwa katika vurugu. Kilichoanguka ni kifo cha aina moja tu, na kiliangukia theluthi moja ya kilivyokuwa ndani ya miezi 12. Sijui takwimu nyingine katika mjadala huu mzima inayozungumza kwa uwazi kiasi hicho.

Lakini 181 si sifuri, na hapo wanaoshangilia kufutwa kwa amri husoma haraka mno. Mwaka mzima baada ya ruhusa, wanawake 181 bado walikufa. Mazoea ya miaka 23 hayafutwi na tangazo la redio. Kuna waliokaa mbali na hospitali, waliozoea kutomwamini daktari, waliojua njia moja tu kwa sababu ndiyo mama zao waliyowaonyesha. Na upande wa pili, hospitali zilifurika: mwaka 1990 zilitolewa mimba 992,265, zaidi ya tatu kwa kila mtoto aliyezaliwa. Nchi ilikuwa imerudi ilipokuwa 1965. Ruhusa ilikuja, kitanzi hakikuja nayo.

Wapinzani wa utoaji mimba huinyoosha kidole namba hiyo ya karibu milioni moja na kusema: mnaona, fungua mlango na hii ndiyo inayoingia. Wangekuwa na hoja kama ingebaki hapo. Haikubaki. Kadiri vidonge, vitanzi na kondomu vilivyopatikana, na kliniki za uzazi wa mpango zilivyofunguliwa, mimba zilizotolewa zilipungua hadi kama robo ya milioni mwaka 2000, na kufikia 2015 zilikuwa kama 71,000. Sheria ilikuwa ileile ya ruhusa muda wote huo. Yaani ile ambayo marufuku ya kipolisi ilishindwa kuipunguza kwa miaka 23, ilipunguzwa na vitu vya kawaida vinavyokaa kwenye rafu ya duka la dawa.

Sasa turudi kwenye swali la madhara kwa mwanamke, maana vifo si madhara pekee, na anayesema utoaji mimba unaumiza roho hawezi kujibiwa kwa takwimu za vifo.

Mwaka huohuo wa 1989, mwezi Januari, Marekani kulitokea jambo ambalo haliwekwi kamwe kando ya kisa cha Romania, ingawa yanasaidiana. Rais Ronald Reagan alikuwa amemwomba daktari mkuu wa serikali, C. Everett Koop, amwandikie ripoti ya madhara ya kiafya ya kutoa mimba kwa wanawake. Koop alikuwa mpinzani wa utoaji mimba, Mkristo wa msimamo, na wengi walidhani jibu linajulikana. Alimwandikia Reagan barua kwamba utafiti uliokuwepo haukutosha kuthibitisha madhara ya kisaikolojia wala kuyakanusha. Namheshimu kwa barua ile kuliko kwa mengi mengine aliyoyafanya. Tatizo aliloliona ni hilohilo la kulinganisha: mwanamke aliyetoa mimba asiyoitaka hulinganishwa na mwanamke aliyezaa mtoto aliyemtaka, kisha tofauti ya huzuni yao inabandikwa kwenye upasuaji.

Utafiti uliokuja baadaye ulijaribu kurekebisha hilo. Mmoja unaojulikana sana, wa Chuo Kikuu cha California huko San Francisco, uliwafuatilia kwa miaka mitano wanawake kama elfu moja waliofika kliniki wakitaka kutoa mimba: waliohudumiwa na waliorudishwa kwa sababu walichelewa. Wote walitaka jambo moja. Waliorudishwa walikuwa na wasiwasi zaidi mwanzoni na hali mbaya zaidi ya fedha kwa miaka kadhaa. Waliohudumiwa hawakuonyesha sonona zaidi, na wengi sana walisema uamuzi ulikuwa sahihi. Hiyo haina maana kwamba hakuna anayejuta. Wapo, na kuwaambia kwamba majuto yao hayapo kitakwimu ni ukatili. Ina maana tu kwamba majuto yao hayawezi kuwa msingi wa sheria ya kila mtu.

Romania haina kipimo kama hicho. Chini ya Ceaușescu hakuna aliyewauliza wanawake wanajisikiaje. Tulichonacho ni mazungumzo ya baadaye, na yanayosikika humo ni hofu zaidi ya huzuni: hofu ya kuchelewa kwa hedhi, hofu ya mume, hofu ya kupimwa kazini, ndoa ambazo kitanda kiligeuka mahali pa hatari. Mwanamke aliyejua kwamba kila tendo linaweza kumpeleka kwenye meza ya jikoni ya mtu asiyemjua aliishi hivyo kwa miaka 20 ya ujana wake. Sijaona jedwali linaloweza kubeba hilo.

Kuhusu watoto nitapita kwa kifupi, ingawa dunia iliijua Romania kwa sababu yao. Serikali ilipoanguka, zaidi ya watoto 100,000 walikuwa katika makao ya serikali, na wengi wao hawakuwa yatima. Walikuwa na wazazi walioshindwa. Kitu kinachonivutia zaidi ni utafiti wa mchumi Cristian Pop-Eleches, uliochapishwa 2006, kuhusu waliozaliwa mara tu baada ya amri. Ukiwatazama kijuujuu, walifanya vizuri kidogo kuliko waliowatangulia, shuleni na kazini. Mtu anaweza kushika matokeo hayo na kukimbia nayo. Lakini waliokuwa wakitoa mimba zaidi kabla ya 1966 walikuwa wanawake wa mjini, wenye elimu, kwa hiyo amri iliongeza watoto wa familia zenye uwezo. Ukilinganisha mtoto na mtoto mwenye wazazi wa hali ileile, waliozaliwa kwa nguvu ya amri walifanya vibaya zaidi.

Kuna kundi moja la wasomaji ambalo nadhani kisa hiki hakilitendei haki kikamilifu: wanaopinga utoaji mimba kwa imani kwamba kijusi ni mtu. Watasema Ceaușescu hakuwa mwenzao, na ni kweli. Alihitaji wafanyakazi. Watoto aliowalazimisha wazaliwe aliwarundika katika makao yasiyo na joto, na mama zao akawaacha wavuje damu wodini. Hoja yao haipati uzito wala haipungui kwa sababu ya dikteta. Kinachopata pigo ni dai moja mahususi ambalo baadhi yao hulitoa, kwamba marufuku humlinda mwanamke. Anayetaka kutetea marufuku kwa ajili ya kijusi anaweza kuendelea kufanya hivyo, ila aseme wazi kwamba gharama itakuwepo na nani ataibeba.

Nao watetezi wa ruhusa wana la kujibu kuhusu 1965 na 1990. Kumwachia mwanamke chaguo moja tu, halafu kuliita uhuru, ni uvivu wa serikali uliovaa nguo nzuri.

Leo sheria ya Romania inaruhusu kutoa mimba kwa kutaka kwa mwanamke hadi wiki 14. Hata hivyo, kwa miaka ya karibuni hospitali nyingi za umma zimeacha kutoa huduma hiyo, daktari mmoja mmoja akikataa kwa dhamiri mpaka wodi nzima haina wa kuifanya. Wakati wa janga la korona zilizoendelea zilikuwa chache, na mwanamke wa wilaya ya mbali alibaki kutafuta kliniki ya kulipia mjini. Wanaofuatilia afya ya wanawake huko hawaulizi tena kama inaruhusiwa. Wanapiga simu hospitali baada ya hospitali kuuliza ni ipi inayofanya, na wanaorodhesha majibu.